Hoteli ya Ufukweni Inalipiwa Nini?

Familia ya Nairobi, Dodoma au Kampala inapopanga likizo ya pwani, mjadala huishia palepale: je, ile hoteli kubwa ya Diani au Nungwi, ambayo usiku mmoja tu hula mshahara wa mwezi mzima wa watu wengi, inastahili gharama yake? Jibu hutafutwa kwenye picha za vyumba, idadi ya nyota na sifa za waliokwisha kulala huko. Hayo yana msaada wake, lakini hayamwambii mtu fedha zake zinanunua nini hasa. Bahari hainunuliki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, na jua halina mwenyewe. Ukiifuata historia ya hoteli za pwani ya Afrika Mashariki, utaona kwamba bei yake imebeba vitu viwili: kazi ya watu wanaomhudumia mgeni, na utengano unaomweka mgeni huyo mbali na watu wengine. Viwili hivyo vilizaliwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, ingawa leo vinauzwa kwa risiti moja. Hoja yangu ni kwamba fedha inayolipia kazi ina thamani yake kamili, ilhali ile inayolipia utengano ni hasara kwa mgeni na kwa pwani yenyewe, hata kama anayeilipa anao uwezo.

Kwanza ikumbukwe kwamba ufukwe haukuwa bidhaa. Waswahili waliojenga miji walitafuta maji tulivu ya kutia nanga. Mji Mkongwe wa Unguja uko upande wa magharibi wa kisiwa, Mombasa ya kale imeelekea bandari yake, na Lamu imekaa kwenye mkondo uliokingwa na visiwa. Pwani za mchanga mweupe zenye mwamba mbele yake, kama Paje, Jambiani, Bwejuu na Diani, hazikufaa kwa majahazi makubwa, zikabaki kuwa za vijiji vya wavuvi na wakulima. Kwao ufukwe ulikuwa mahali pa kazi. Mafundi walichonga ngalawa chini ya minazi na wavuvi wakaanika nyavu zao. Wanawake walifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga unaofunikwa na maji, wakayaacha kwa miezi, kisha wakayafukua yakiwa yamelainika na kuyaponda kwa magongo mpaka usumba ukajitenga, wakausokota kuwa kamba. Hata Ulaya, matajiri walianza kuiendea bahari kwa ajili ya tiba: katika miaka ya 1750 daktari Richard Russell alikuwa akiwahimiza wagonjwa wake waoge na hata kunywa maji ya bahari, na Brighton ikakua kwa wito huo. Desturi ya kulipa fedha nyingi ili kujinyoosha mchangani ilifika kwetu kutoka nje, ikafika kwa kuchelewa, na ikakuta watu wako kazini.

Kile ambacho pwani ilikuwa nacho tangu zamani ni ujuzi wa kupokea wageni. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, anaeleza jinsi vijana wa Mogadishu walivyoilaki meli kwa vyombo vidogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara alifikia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Biashara iliyofanywa na mgeni pasipo mwenyeji wake kuwapo ilihesabiwa kuwa batili. Huo haukuwa ukarimu wa bure, kwani mwenyeji alipata faida yake. Lakini usalama na raha ya mgeni vilitokana na kufungamanishwa na nyumba yenye jina mjini. Nyumba za mawe za Lamu nazo zilijengwa kwa mantiki hiyo: daka la mlangoni kwa mazungumzo, na sabule kwa ajili ya mgeni, ili astareheke bila kuvunja faragha ya familia. Faragha na ujirani viliwekwa chini ya paa moja. Jambo hilo ni la kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba mgeni hawezi kupumzika ila ametengwa na mji.

Hoteli za ufukweni kama tunavyozijua zilianza kama mapumziko ya walowezi. Katika miaka ya 1930 Malindi ilikuwa tayari na hoteli ya Lawford, na mapema mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki huko baada ya msafara wake wa uwindaji. Mwaka 1931 daraja la kuelea liliunganisha kisiwa cha Mombasa na Nyali, na mwaka 1946 hoteli ya Nyali Beach ikafunguliwa upande huo. Kwa kipimo cha leo nyingi ya hoteli za siku hizo zilikuwa za kawaida sana. Kilichozipa hadhi kilikuwa ubaguzi wa rangi: Mwafrika aliingia kama mpishi, boi au mtunza bustani, wala hakuwa na nafasi ya kuwa mgeni hata angekuwa na fedha. Ardhi nayo ilikwisha kutayarishwa kwa namna hiyo hiyo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani ya Kenya ajitokeze kulisajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilishikwa na koo, hawakupata mlango katika mfumo uliotambua miliki ya mtu mmojammoja, na wengi wakageuka maskwota mahali walipozaliwa. Kwa hiyo utengano ulitangulia starehe. Watu walilipia kutokuwapo kwa wengine kabla hoteli zenyewe hazijawa na chochote cha ajabu cha kuuza.

Starehe ilikuja baada ya uhuru, ikaja kwa mikono ya wafanyakazi. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndege za kukodi zilileta Wajerumani, Waswisi na Waingereza kwa maelfu. Waitaliano waliizoea Malindi kupitia mradi wa San Marco, uliorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni mwaka 1967. Mwaka huohuo hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela, kisiwani Lamu. Mwaka 1975 Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi kwa msaada wa serikali ya Uswisi, na kazi ya hoteli, iliyokuwa utumishi wa kuamrishwa, ikawa taaluma yenye cheti, daraja na mtihani. Ufundi wa pwani nao ulipata soko. Tazama paa la makuti la ukumbi mkubwa: kila jani la mnazi hukunjwa juu ya ufito na kushonwa, kisha makuti hupangwa safu juu ya safu kwa mwinamo mkali ili mvua iteleze isipate mahali pa kutuama, na baada ya miaka kadhaa paa lote hufumuliwa na kuezekwa upya. Mafundi wa Kigiriama na wenzao wa Kimijikenda wanaopanda juu ya boriti hizo wanafanya kazi ambayo bati haliwezi kuifanya, kwa sababu chini ya paa hilo hewa hubaki baridi saa nane mchana. Mgeni anayelipia paa la namna hiyo, na mpishi aliyesomea kazi yake, na chumba kinachosafishwa na mtu mwenye mkataba, amepata haki yake.

Lakini miaka hiyohiyo utengano ulirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1950 kampuni ya Club Med ilifungua kijiji chake cha kwanza cha likizo huko Majorca, ambako mgeni alilipa kila kitu kabla ya kuondoka kwao. Mfumo huo ulienea duniani na ukafika pwani yetu. Sheria ya ubaguzi ilikuwa imekufa, ila sasa bili yenyewe ilifanya kazi ya ukuta: aliyekwisha kulipia chakula, kinywaji na ngoma ya jioni hana sababu ya kwenda kula mgahawani mjini, na fedha yake nyingi hubaki kwa wakala aliyemuuzia safari huko alikotoka. Mambo haya yaliwasumbua watu mapema. Mwaka 1970 magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa uwanja wa mjadala mkali kuhusu kama nchi ya Azimio la Arusha ijenge hoteli kwa ajili ya watalii, na mwaka 1973 msomi Issa Shivji akauhariri mjadala huo kuwa kitabu. Wakati huo serikali ilikuwa ikijenga: Kunduchi na Bahari Beach kaskazini ya Dar es Salaam, hoteli ya Mafia, na Bwawani kule Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1974. Wapinzani walisema utalii ungerudisha ubwana na utwana, na watetezi wakasema nchi inahitaji fedha za kigeni. Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa muongo huo, vipuri na bidhaa zikawa adimu, na hoteli hizo zikachakaa. Majengo yalikuwa yaleyale na bahari ileile, lakini matengenezo yalipokosekana starehe ikaondoka. Hapo ndipo inapoonekana kwamba raha ya hoteli hutengenezwa kila siku na watu wenye vifaa vya kufanyia kazi.

Zanzibar ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi vitu hivi viwili vinavyogongana. Kufuatia kulegezwa kwa biashara katikati ya miaka ya 1980, wawekezaji walianza kuitazama pwani ya mashariki na kaskazini ya Unguja, na kufikia mwaka 2019 visiwa vilipokea zaidi ya wageni laki tano kwa mwaka. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya serikali, na kwa desturi mtu angeweza kumiliki miti bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Hivyo kijiji kilipotakiwa kuupisha uwekezaji, mara nyingi kilichohesabiwa kwa fidia kilikuwa minazi, huku thamani ya mahali penyewe ikiachwa nje ya hesabu. Mwaka 1989 wanawake wa vijiji vya mashariki, Paje ikiwa mbele, walianza kulima mwani kwa biashara. Maji yakipwa huingia na kamba na vijiti, hufunga mbegu, na hurudi kuvuna baada ya wiki kadhaa, na kwa wengi wao hiyo ndiyo fedha ya kwanza waliyoishika wenyewe. Baadhi ya wenye hoteli walilalamika kwamba vijiti hivyo vinaharibu mandhari na kuwazuia wageni kuogelea. Mchanga uleule ulipewa maana mbili, na aliyekuwa na maana mpya ndiye aliyekuwa na sauti serikalini. Kwenye kisiwa kidogo cha Mnemba utengano ulifika kilele chake: hoteli moja, vyumba vichache, na asiyekuwa mgeni wa hoteli hashuki.

Watetezi wa ukuta wana majibu, nayo yanafaa kusikilizwa kwa makini. La kwanza ni kwamba mgeni akitoka nje hana raha, kwa sababu papasi, yaani madalali wa watalii, na wachuuzi humfuata kila hatua. Usumbufu huo ni wa kweli, lakini tuangalie ulivyoanza. Mgeni asiyekula mjini, asiyenunua dukani na asiyekodi ngalawa kwa mwenyewe ameziba kila njia ya biashara isipokuwa ule mstari wa mchanga kati ya geti na maji. Wote wanaotafuta riziki kwake lazima wamngojee hapo, na dakika ni chache. Palipo na ukuta mrefu ndipo ushindani wa mchangani unapokuwa mkali. Jibu la pili ni la usalama, na hili ni zito zaidi. Mwezi wa Agosti 1997 wachochezi wa kisiasa walitumia manung'uniko ya pwani kuhusu ardhi na ajira kuwasha mauaji ya Likoni. Watalii wakatoweka na maelfu wakakosa kazi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa, wakafa Wakenya 10, wakiwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni, pamoja na Waisraeli 3. Hakuna anayeweza kuwaambia wenye hoteli waondoe walinzi baada ya siku kama ile. Lakini Likoni inafundisha kwamba manung'uniko hayo yalipewa nguvu na historia ya ardhi niliyoieleza, na jirani aliyenyimwa njia ya kwenda pwani hatakuwa mlinzi wa mtu. Walinzi wanahitajika, na ujirani mwema ni sehemu ya ulinzi huo.

Jibu la tatu husema kwamba bila hoteli hizi kusingekuwa na ajira, barabara, umeme wala soko la samaki. Nakubali, tena bila shingo upande. Kuna nyumba nyingi Ukunda, Mtwapa na Nungwi zilizojengwa kwa mishahara ya hoteli, na kuna watoto waliosomeshwa nayo. Lakini hoja hiyo yote inasimama upande wa kazi. Ajira hutokana na vitanda vinavyotandikwa, samaki wanaonunuliwa dikoni na mapaa yanayoezekwa. Kuifunga njia ya wanakijiji hakumwajiri mtu zaidi ya askari wa getini. La nne ndilo gumu kuliko yote: kwamba mahali paliponusurika na uharibifu ni pale palipozuiliwa watu wengi. Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ni mfano wa kutazamwa kwa makini. Kisiwa hicho chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 kilipata hadhi ya hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Kina nyumba 7 tu za wageni, zinazokinga maji ya mvua kutoka kwenye mapaa yake, na bei ya kulala si ya mtu wa kawaida. Uvuvi hauruhusiwi, kwa hiyo wapo walionyimwa kitu. Lakini baadhi ya waliokuwa wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi wa mwamba, na fedha za wageni husaidia kuwaleta wanafunzi wa Zanzibar kuyaona matumbawe ambayo huenda wasingeyaona maishani. Hapo mpaka una sababu inayoweza kuelezwa hadharani, na wenyeji wana sehemu yao katika faida yake. Mpaka unaouza hadhi tu hauna maelezo ya namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayepiga hesabu ya safari anapaswa kulijua, nalo ni kwamba fedha haina amri juu ya pwani yenyewe. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huku hufikia kama mita 4, na upande wa mashariki wa Unguja bahari hurudi nyuma mbali sana, ikaacha mchanga, majani na madimbwi kwa saa kadhaa. Aliyelipa bei ya juu kabisa Bwejuu atangoja maji sawa na aliyelala nyumba ya wageni ya kijijini. Kusi ikivuma huleta majani ya bahari ufukweni bila kuangalia nyota za hoteli, na masika humnyeshea kila mtu. Ndiyo maana hoteli hujenga mabwawa ya kuogelea, na ndiyo maana katika vijiji vyenye uhaba wa maji baridi bwawa hilo lina gharama isiyoandikwa kwenye bili. Mwenye kutaka bahari tu, basi, hana sababu ya kulipa bei ya kifahari. Afadhali achague upande ambao maji hayapwi sana, kama Nungwi na Kendwa, au asome jedwali la maji kabla ya kukata tiketi.

Hoteli ya kifahari inastahili gharama pale ambapo mtu anaihitaji kazi ya wengine na yuko tayari kuilipia kwa haki: mzazi aliyechoka, wazee wanaoadhimisha ndoa yao, mgonjwa anayejiuguza. Hao wanapata kitu halisi, na hakuna aibu katika kukitaka. Kabla ya kulipa, waulize yale ambayo historia imetufundisha kuyauliza. Je, wafanyakazi wana mikataba ya mwaka mzima, au masika ikifika hurudishwa makwao mikono mitupu? Samaki na mboga vinatoka wapi? Njia ya wanakijiji ya kwenda pwani imeachwa wazi? Mwenye mwani anaruhusiwa kupita? Majibu mazuri yanaifanya bei kubwa iwe bei ya haki. Yakikosekana, sehemu kubwa ya fedha inalipia kile kile walichokilipia walowezi wa miaka ya 1930. Zamani maswali haya yasingekuwa na nguvu, maana mgeni alitoka mbali na hakuwajua jirani zake. Leo treni ya Madaraka iliyoanza mwaka 2017 huwashusha Wakenya wa bara Mombasa kila siku, na msimu wa wageni wa ng'ambo unapopungua hoteli nyingi hutangaza bei maalumu ya wakazi ili vyumba visilale vitupu. Mgeni wa Afrika Mashariki amekuwa mteja wa kuhitajiwa. Akiuliza, atajibiwa, na akikataa kuulipia utengano, wenye hoteli watalazimika kuuza kile chenye thamani ya kweli.